Mfuniko wa Rejeta

Safari ya kumrudisha mama mkwe Lushoto ilianza saa kumi na mbili asubuhi na kuishia Mlandizi saa mbili kasorobo. Mama alikuwa kiti cha mbele, amepakata kikapu cha samaki wa kukaanga kutoka Feri. Mimi na watoto wetu wawili tulikuwa nyuma. Buti ilikuwa imejaa sukari, vitenge vya kuwagawia mawifi na ndoo mpya tatu zilizopachikana. Mume wangu aliuona mshale wa joto ukipanda, akanyamaza. Baadaye aliniambia kwamba alinyamaza kwa sababu ya mama, asije akaingiwa na wasiwasi. Ulipofika kwenye H mvuke ukaanza kutoka pembeni mwa boneti, akaegesha kando ya barabara, mbele ya kibanda cha mahindi ya kuchoma.

Ilikuwa Juni 2021. Mama alikuwa amekaa kwetu Tabata, Dar es Salaam, miezi miwili akitibiwa goti, na habari za basi hakutaka kuzisikia. "Nilikuja na basi kwa kuwa naumwa," alisema. "Kurudi, nitarudi na gari la mwanangu." Mama huyu aliuza kabichi miaka mingi ili mwanawe asome. Alitaka ashuke uani kwake kutoka kwenye gari la mwanawe huyo, majirani wakiwapo, nami sikuona kosa lolote katika hamu hiyo.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya 1998, ile ambayo mafundi wote wanaiita 110 tu. Injini yake ni 5A ya cc 1,498. Mume wangu alilinunua mwaka 2019 kwa mstaafu wa ofisini kwao, milioni tano na laki mbili, nusu yake mkopo wa Saccos. Lina namba B, na wanaouza magari hapa mjini huitazama herufi hiyo kabla hawajatazama rangi, maana ndiyo inayowaambia gari limekula miaka mingapi nchini.

Pale Mlandizi mume wangu alifungua boneti, akakunja kitambaa, akaushika mfuniko wa rejeta. Muuza mahindi akapiga kelele, "Kaka, acha!" Alikuwa amechelewa. Maji yaliruka hadi kwenye kioo cha mbele, mengine yakammwagikia mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja. Mama alishuka kabla yangu, na goti lake hilohilo, akawa anammiminia mwanawe maji ya kunywa tuliyobeba, chupa baada ya chupa, mpaka yakaisha. Kwenye zahanati muuguzi alimfunga bendeji akasema maji yale ya mama ndiyo yaliyouokoa mkono.

Nisimame hapa kidogo kwa ajili ya msomaji mwenye gari. Rejeta ya moto haifunguliwi. Zima injini, kaa kivulini, subiri mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa kiganja kitupu bila kuunguza, hata kama itachukua saa nzima. Maji yaliyobanwa mle ndani huwa yameshapita joto la kuchemkia, na ukiyafungulia yanageuka mvuke papo hapo.

Tulivutwa na Canter kurudi mjini. Samaki wa mawifi tuliwala wenyewe siku mbili mfululizo, na mama akarudi kwenye chumba cha watoto.

Fundi wetu wa wakati huo alikuwa na gereji chini ya mwarobaini, mtaa wa tatu kutoka kwetu. Alifungua mahali mpira wa rejeta unapoingilia kwenye injini, akachomoa kidude cha shaba chenye springi. Ilikuwa termostati. "Mwalimu," aliniambia, "hiki ni cha nchi za baridi. Huku kwetu joto, hakina kazi." Akakitupa kwenye kopo la vyuma chakavu. Kisha akaunganisha waya za feni moja kwa moja, ili izunguke tangu ufunguo unapowashwa hadi unapozimwa. Akajaza maji ya bomba letu. Tulimlipa elfu thelathini na tano, na kwa wiki kadhaa mshale haukuinuka kabisa kutoka chini. Nyumba ilifurahi.

Daftari la nyumba ndilo halikufurahi. Mimi huandika kila kitu: unga, gesi, nauli za watoto, petroli. Kabla ya Juni lita moja ilikuwa inatupeleka kama kilomita 12. Julai ikawa haifikishi 10. Nilidhani ni foleni za mjini, au kituo cha mafuta kinatupunja. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba injini inayokaa baridi siku nzima huhesabiwa na kompyuta ya gari kuwa ndiyo kwanza imewashwa alfajiri, ikawa inaongezewa petroli bila kukoma. Termostati kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Ya gari letu imeandikwa 82, yaani huanza kufunguka kwenye nyuzi 82. Waliotengeneza gari hili walilitengenezea moto huo, na jua la Dar es Salaam haliubadilishi.

Agosti, kwenye foleni ya Ubungo, lilichemsha tena. Septemba likachemsha mara mbili. Fundi akasema hedi imepinda. Katika hilo alisema kweli. Hedi ya 5A ni ya aluminiamu na imekaa juu ya bloku ya chuma. Aluminiamu hutanuka kuliko chuma, hivyo injini ikichemsha mara kwa mara hedi hujikunja kidogo, gasketi ikaacha kuziba. Ilibidi ifunguliwe, ipelekwe kuchongwa isawazike, ifungwe na gasketi mpya na oili mpya. Jumla ilikuwa laki nne na elfu kumi.

Pesa hiyo ilikuwa ada ya mtoto wetu wa kwanza, aliyekuwa kidato cha pili. Nilikwenda mwenyewe kwa mkuu wake wa shule kuomba tulipe kidogo kidogo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nimewahi kuwapokea wazazi wanaokuja kuomba hivyohivyo. Sikuwahi kujua kiti wanachokalia kiko chini kiasi gani. Mkuu alikubali, Mungu ambariki. Usiku ule mimi na mume wangu hatukugombana, na ukimya ule ulikuwa mzito kuliko ugomvi. Mama, aliyesikia yote kupitia ukuta, asubuhi yake alinikabidhi elfu hamsini zilizofungwa kwenye pindo la khanga. Nilizikataa. Akaziweka chini ya kopo la chumvi akaenda zake uani.

Fundi hakutuibia. Hedi aliifunga vizuri na haijasumbua tena. Alitibu jeraha, mwiba ukabaki ndani. Wiki mbili hazikupita, mtoto wetu wa pili, wa darasa la sita, ambaye tulikuwa tumempa kazi ya kuangalia maji kila asubuhi, alikuja jikoni na kopo mkononi. "Mama, mbona lile tenki dogo la plastiki limefurika na rejeta yenyewe imepungua?" Nilimwambia aongeze tu. Nilikuwa nachelewa kazini. Katika kisa hiki chote jibu hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mtoto alikuwa ameshaliona tatizo, na mwalimu wake ndiye aliyekuwa na haraka.

Jibu lilikuja kwa maharage. Jumamosi moja ya Oktoba mama alikuwa anapika uani kwa mkaa. Aliyaepua, akaminya moja kwa vidole, akatikisa kichwa. "Mwanangu, huku kwenu maharage yanaiva upesi. Kule kwetu unachochea kuni tangu asubuhi, na lazima uweke jiwe juu ya mfuniko." Nilimjibu kama ninavyowajibu wanafunzi wangu. Lushoto iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa inakandamiza maji kidogo kuliko huku pwani, kwa hiyo maji huchemka mapema, kwenye nyuzi kama 95 badala ya 100. Yanatokota vizuri tu, lakini joto lake ni dogo, ndiyo maana maharage yanachelewa. Ukikandamiza mfuniko kwa jiwe unaubana mvuke, maji yanaongezeka moto.

Nilipomaliza kusema nilikuwa naliangalia gari letu chini ya mpapai. Mfuniko. Tulikuwa tumetoa termostati, tumebadili njia ya feni, tumefungua injini nzima, na hakuna aliyewahi kuugeuza mfuniko wa rejeta akauangalia kwa ndani. Na kama maji yanachemka mapema pale yasipobanwa, basi rejeta yenye mfuniko mbovu Dar es Salaam ni sawa na sufuria lisilo na jiwe Lushoto.

Niliuchomoa gari likiwa baridi, nikaufunga kwenye gazeti, nikapanda daladala hadi Gerezani. Nilimpata mzee muuza spea, mwenye duka lisilozidi upana wa mlango wake. Hakuniuliza gari gani. Aliugeuza, akaugusa mpira wa ndani kwa ukucha, ukamegeka kama ganda la mkate. "Huu umekufa siku nyingi, mama," alisema. Akanionyesha vali mbili. Ya kwanza ni ile springi kubwa, inayobana mpaka kiwango kilichoandikwa juu ya mfuniko. Wa kwetu umeandikwa 0.9, na kwa kubana huko maji matupu hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 118. Ya pili ni kidude kidogo katikati, ambacho unaweza kukivuta kwa kucha. Injini ikipoa, rejeta hufyonza, kidude hicho hufunguka, na maji yaliyokimbilia kwenye tenki dogo hurudi. Kikifa, maji huenda bila kurudi. Tenki dogo linafurika, rejeta inapungua. Ni yaleyale aliyoyaona mtoto wa darasa la sita.

Mfuniko mpya ulikuwa elfu kumi na mbili. Pembeni ulikuwepo mwingine wa elfu nne, unang'aa kuliko wa kwanza, umeandikwa vilevile 0.9. Mzee alinibonyezesha springi zote mbili kwa kidole gumba changu mwenyewe, nikasikia tofauti. Termostati ya 82 nilinunua elfu ishirini na nane. Na kulanti iliyokwisha kuchanganywa, galoni mbili.

Niliporudi, mume wangu alikuwa ameketi kizingitini. Nilimwekea vitu vyote mapajani na kumweleza. Alikaa kimya kwa muda, akiutazama ule mkono wake wenye kovu. "Mwalimu," alisema, "tuanze upya, taratibu, kitu kimoja kimoja." Kuanzia siku hiyo hatujampa fundi gari bila mmoja wetu kukaa pale hadi kazi iishe.

Kusafisha rejeta kulichukua Jumapili mbili. Maji ya bomba letu ni ya kisima, na anayeishi upande wetu wa mji anajua chumvi yake. Birika letu la chai lina ukoko mweupe unene wa shilingi. Tulikuwa tunayamimina maji hayohayo ndani ya injini. Tulipofungulia koki ya chini yalitoka ya rangi ya chai ya rangi iliyolala. Vuli ilikuwa imeanza, na mama alikuwa amekinga maji ya mvua kwenye mapipa mawili kwa ajili ya kufulia. Alituruhusu tuyatumie. Tulijaza, tukawasha, tukaacha yazunguke, tukamwaga. Tulirudia hadi yakatoka meupe. Kisha tukaweka kulanti, kwa sababu kazi yake si kupooza tu: inazuia kutu na ukoko, na hivyo ndivyo vilivyokuwa vimeibana rejeta yetu. Feni ikarudishwa kwenye swichi yake.

Ndipo watoto wakaanza kulisoma gari. Mkubwa aliikuta stika ya Kijapani ndani ya chumba cha injini, imechujuka, yenye namba 19, 8 na 97,420. Tuliipiga picha, nikaipeleka kwa yule mzee wa Gerezani. Akasema hiyo ni stika ya kubadilishwa mkanda wa taiming. Ile 19 ni mwaka kwa hesabu ya mfalme wao, enzi ya Heisei iliyoanza 1989, kwa hiyo ni Agosti 2007. Mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Dashibodi yetu ilikuwa inasoma zaidi ya 231,000. Tulipofungua kasha la mkanda, ulikuwa na nyufa kila jino, na ukingo mmoja umechanika nyuzi. Ungekatika, gari lingezima pale pale, popote tulipo. Nilifikiria kona za kupandia Soni, mama akiwa kiti cha mbele.

Mdogo naye akasoma matairi. Mwaka uliotangulia mume wangu alikuwa amenunua mawili ya mtumba, elfu arobaini kila moja, kashata zake bado nzima. Ubavuni, mwishoni mwa herufi za DOT, kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yetu yaliandikwa 0911. Wiki ya tisa ya 2011. Raba ilikuwa na miaka kumi na ushee na ukiipinda ilionyesha mipasuko kama kisigino kikavu. Kashata hazisemi umri. Naomba kila anayenunua tairi ainame asome tarakimu hizo kabla ya kutoa pesa.

Pesa zilikuwa hazitoshi kwa vyote, na hapa ndipo tulipobishana kweli. Mume wangu alikuwa ameweka kando fedha ya redio mpya na rimu za spoti, ndoto yake tangu 2019, na sikutaka kumdharau kwa hilo. Mtu anayeendesha gari kuukuu kila siku kati ya magari mapya ana haki ya kutamani kitu kimoja kinachopendeza. Nilimwomba tu tufuate mpango: kwanza kinachosimamisha gari, pili kinacholipeleka, mwisho kinacholipamba. Breki, matairi, mkanda, oili. Tulichonga kibubu cha mbao kwa fundi seremala wa mtaani, kila mwezi elfu sabini, mshahara wowote utakaotangulia. Tangu ada ya mwaka ya leseni ya barabara ilipofutwa mwaka 2017, wenye magari wengi wameila akiba ile bila kuiona. Sisi tuliamua kuitia kibubuni. Elfu hamsini za mama, zilizokuwa bado chini ya kopo la chumvi, nilizitia humo mbele yake, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu Mlandizi.

Mwishoni mwa Desemba tulikuwa na mkanda mpya, matairi mapya mawili mbele, pedi za breki, na oili iliyobadilishwa. Injini hii inakunywa lita tatu na kidogo, kwa hiyo galoni ya lita nne inabakiza, na kilichobaki kinakaa kwenye buti. Taa za mbele zilizokuwa za njano watoto walizisugua kwa dawa ya meno zikaangaza. Redio haikununuliwa. Mama aliimba njia nzima hadi Mombo.

Tuliondoka saa kumi alfajiri. Mlandizi muuza mahindi hakuwepo bado, mume wangu alipunguza mwendo tu akaitazama ile sehemu. Chalinze tukanywa chai. Segera, Korogwe, kisha Mombo, ambako tulipumzika nusu saa chini ya mti na mtoto mdogo akapiga magoti kuchungulia tenki la plastiki. Lilikuwa kwenye mstari. Kutoka Mombo ni kilomita 33 hivi za kona na miamba, mto ukiwa chini kabisa upande mmoja. Tulizima kiyoyozi, tukaweka gia kwenye 2, na kwenye kona kali kwenye L. Hakuna aliyezungumza. Wote watano tulikuwa tunautazama mshale mmoja. Ulikaa katikati, ukiwa umetulia hivyo kupita Soni, tuliposimama kununua plamsi, na ukabaki hivyo hadi juu.

Mama alishuka uani kwake saa saba mchana. Mawifi walikuwepo, majirani walikuwepo, na maharage yalikuwa jikoni tangu asubuhi, jiwe juu ya mfuniko. Jioni, injini ilipopoa, mtoto wa darasa la sita alifungua rejeta akachungulia na tochi. Kulanti ilikuwa imejaa hadi shingoni. Niliandika kwenye daftari: 232,118, Lushoto, haikupungua.